Chuchu Kumi na Mbili

Mimi ndiye niliyesema kwamba yule nguruwe alikuwa wa pori. Nilisema hivyo mbele ya watu, uwanjani kwa kapita, mkuu wa kijiji chetu, pale Sange katika bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, na siku hiyo nilikuwa nimevaa koti langu jeupe la kazi ili maneno yangu yawe na uzito. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa tisini na saba. Vita vya kwanza vilikuwa vimetupita kuelekea magharibi, na sisi tuliorudi tulikuwa tukianza maisha upya katika nyumba zisizo na milango.

Naitwa Onesphore. Watu waliniita dokta, ingawa sikuwa daktari. Nilisomea mifugo miaka miwili nikapewa cheti, na kabla ya vita nilifanya kazi katika mradi wa nguruwe wa akina mama wajane. Kila mjane alipewa jike mchanga; akizaa, alitoa watoto wawili wapewe wajane wengine. Mimi nilichoma sindano, nilihasi madume, nilikata meno ya wachanga wasimjeruhi mama yao, na kila mnyama nilimtia alama sikioni kwa koleo.

Kankindi alikuwa mmoja wa wajane hao. Alikuwa Mrundi wa hapo hapo bondeni, mama mrefu mwenye sauti ya chini, aliyeishi na binti yake Bella kando ya mfereji wa mpunga. Jike wake alikuwa mweusi mwenye baka jeupe usoni. Banda lake lilikuwa safi kuliko mabanda yote niliyoyazungukia, na kila nilipofika aliniwekea swali, kana kwamba alikuwa akilitunza juma zima.

Siku moja aliniuliza, "Dokta, hii yetu na ile ya pori, iko ndugu ao hapana?"

Nilifurahi kuulizwa. Nilichuchumaa kando ya jike wake aliyelala ubavu, nikaanza kumfundisha. Nilimwambia kwamba ni ndugu wa mbali sana, hata hawazaliani. Wa pori ana nywele ndefu, na zile za mgongoni husimama kama burashi. Masikio yake yana vishungi nchani, mkia wake umenyooka, na watoto wake huzaliwa na mistari ya manjano ubavuni ambayo hupotea wanapokua. Wa kufuga amejikunja mkia, masikio yake mapana yameinama, na watoto wake hawana mistari.

"Lakini nywele zinadanganya, mama," nilimwambia. "Huyu wako ukimwacha porini miezi kadhaa, ataota nywele nyingi, atakonda, na pua yake itaonekana ndefu kama jembe. Mtu akimwona mbali atasema ni wa pori. Ukitaka kujua ukweli, hesabu chuchu. Wa pori ana sita tu. Hesabu za huyu."

Aliinama, akahesabu kwa kidole, kwa Kirundi, akifika kila moja anaigusa. Alipomaliza alicheka. "Kumi na mbili! Kumbe minye niko na mama wa kweli hapa."

Mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na sita, risasi zilianza kulia upande wa kaskazini na sote tukakimbia. Mimi na mke wangu Apolline na watoto tulishika njia ya Uvira, tukapita, tukaenda kusini hadi Baraka. Kankindi na Bella waliishia Songo, mtaa ule wa Uvira, kwa dada yake. Baadaye aliniambia kwamba kabla ya kuondoka alirudi bandani, akaondoa miti ya mlango, akamwambia jike wake, "Nenda. Kula utakachopata."

Tuliporudi, mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mihogo iliyosahauliwa mashambani ndiyo iliyotuponya, ila hatukuwa peke yetu. Nguruwe wa pori walikuwa wametoka kwenye matete ya mto Ruzizi na kuyazoea mashamba. Asubuhi ungekuta shamba zima limefukuliwa. Kapita wetu, Pontien, alikusanya wanaume wenye mbwa na mikuki, wakawa wanawinda. Ilikuwa kazi nzuri na watu walimshukuru.

Lazima nimweleze Pontien bila kumwongezea ubaya. Alikuwa mtu wa kusaidia. Ndiye aliyegawa upya mashamba yaliyobaki bila wenyewe, na ndiye aliyezungumza na askari waliopita ili wasichukue kuku wa watu. Lakini wenye bunduki walikula kwake, na hakuna aliyependa kubishana na mtu anayekula na wenye bunduki.

Mwezi wa nne Kankindi alinijia nyumbani karibu anakimbia.

"Dokta! Iko hai! Nimeiona na macho yangu kule kwenye matete. Iko na watoto tano."

"Una hakika ni yeye?"

"Imeota nywele, imekonda, imekuwa mubaya sana. Lakini nilimwita, akageuka. Nguruwe ya pori inaweza kumugeukia muntu anayeita?"

Tangu siku hiyo, kila alasiri alibeba beseni la maganda ya muhogo hadi ukingo wa matete, akayamwaga, akarudi nyuma, akakaa chini na kuita. Wiki ya kwanza jike alikula baada ya yeye kuondoka. Wiki ya pili alikula huku akimtazama. Wiki ya tatu watoto nao wakatoka. Niliwaona mara moja kwa mbali, na bila shaka baba yao alikuwa dume mwingine wa kufuga aliyeachwa wakati wa vita: weusi wenye mabaka meupe, bila mistari, na mikia imejikunja kama ya wachanga wote niliowashika maishani. Kankindi aliniomba nimsaidie kutengeneza banda. Nikamwambia, "Juma lijalo."

Juma hilo halikufika. Siku ya Alhamisi wawindaji walimkuta jike mahali pale pale pa maganda. Hakukimbia. Alisikia miguu ya watu akadhani ni saa ya chakula. Kankindi alipofika na beseni kichwani, walikuwa wamekwisha kumuua, kumfunga kwenye mti na kuondoka naye.

Jioni ile Pudentienne, mke wa Pontien, alileta nyumbani kwetu paja zima, limefunikwa kwa jani la mgomba. "Kapita anasalimia dokta," alisema, akaondoka haraka. Wakati huo sikuwa na habari ya kilichotokea matetani, lakini nilipolikata lile paja niliona tabaka la mafuta meupe juu ya nyama, kama la nguruwe wa kufuga, nikaweka kisu chini. Nilimtazama Apolline. Naye alikuwa akiwatazama watoto. Hawakuwa wameonja nyama tangu Baraka. Binti yetu Espoir alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, mikono mikavu imeshika magoti.

"Unashangaa nini?" Apolline aliuliza.

"Hakuna."

Tulikula. Nami nilikula, na nilirudia.

Kesho yake asubuhi niliitwa kwa kapita. Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Kankindi alikuwa amesimama upande mmoja, peke yake na Bella. Upande wa pili walikuwa wawindaji. Katikati, juu ya mkeka, palikuwa na kichwa na ngozi. Hawakumbabua kwa moto kama tufanyavyo. Walimchuna, kwa sababu Pontien alitaka ngozi ya kutandika kwenye kiti chake. Kichwa hakikuwa na masikio.

"Mbwa bamekula," Pontien alisema kabla sijauliza. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwangu. "Huyu mama anasema tumeua nguruwe yake. Sisi tunasema iko ya pori. Hapa hakuna mwenye kusoma mambo ya wanyama kuliko weye, dokta. Sema, tumalize."

Desturi yetu ilikuwa wazi. Nguruwe wa pori ni wa aliyemuua. Nguruwe wa mtu hulipwa kwa nguruwe, na aliyemuua huomba radhi mbele ya watu. Pontien, kapita, angelazimika kupiga magoti mbele ya mjane. Na wote waliokula wangejulikana.

Nilianza kusema, na hapo ndipo aibu yangu ilipo, maana nilianza kwa ukweli. Nilisema, "Tazameni nywele. Nguruwe wa kufuga ana nywele chache. Hizi ni nyingi na ndefu." Ni kweli. Nilisema, "Tazameni pua, ilivyo ndefu. Tazameni meno, yametoka nje." Ni kweli. Nilisema, "Baka jeupe usoni, hata wa pori wana uso mweupe." Hilo nalo ni kweli. Watu waliitikia kwa vichwa wakiniamini. Sikutaja mkia. Ulikuwa umelala pembeni ya ngozi, umekauka ukiwa umejikunja, na niliusogeza kwa ncha ya kiatu changu chini ya mkeka.

Kankindi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, "Dokta, weye mwenyewe ulinifundisha kwamba nywele zinadanganya. Ulisema tuhesabu chuchu. Hesabu."

Pontien alinitazama, na nyuma yake, mlangoni, mtu mwenye bunduki alikuwa akila muhogo bila kujali lolote. Niliinama. Ngozi ilikuwa imetandazwa nywele za mgongo zikiwa juu, sehemu ya tumbo imekunjwa chini. Niliinua ukingo wake kidogo, mimi peke yangu nikiona, nikapitisha kidole gumba tumboni. Moja. Mbili. Tatu. Zilikuwa zimejaa, alikuwa bado ananyonyesha. Nilifika kumi na mbili. Nikaikunja ngozi kama mtu anavyokunja blanketi, nikasimama.

"Sita," nilisema. "Ni wa pori."

Kankindi hakulia. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Sawa, dokta," alisema. "Weye ndiye ulisoma."

Siku mbili baadaye wawindaji walirudi matetani wakawakamata wale watoto watano. Waliwapitisha barabarani, weusi wenye mabaka, bila mstari hata mmoja. Kila mtu wa Sange anajua watoto wa nguruwe wa pori wana mistari. Kila mtu aliona, na hakuna aliyesema, kwa kuwa dokta alikwisha sema. Uongo wangu ulikuwa umewafunga midomo watu wazima wenye akili zao.

Kankindi akawa kichekesho. Sokoni walimwita Mama wa Pori. Muuza nyanya alimwuliza, "Hesabu mafungu, iko sita ao kumi na mbili?" na watu wakacheka. Nilikuwepo siku hiyo. Nilijifanya ninachagua chumvi. Kabla ya mavuno ya mpunga yeye na Bella walifunga vitu vyao, wakapanda lori la kwenda Uvira, wakarudi Songo, wakapanga nyumba yao wenyewe.

Na shamba lake la kando ya mfereji Pontien alinipa mimi.

Nililikubali. Nilijiambia kwamba nikikataa nitaulizwa kwa nini. Nililima, nikapanda, nikavuna. Mpunga ule ulikuwa mzuri sana, na Apolline, ambaye hakujua lolote ila alichosikia uwanjani, alimshukuru Mungu kila tulipokula. Mimi nilikuwa nikitoka nje kabla ya sala.

Mwezi wa nane, mwaka wa tisini na nane, vita vilianza tena. Tulitembea kwa miguu na wengine wengi hadi Uvira, vumbi hadi kwenye kope. Mtoto wetu wa mwisho, Chance, alikuwa na homa iliyomfanya alegee kama kitambaa kilicholowa. Shule zilikuwa zimejaa wakimbizi, makanisa vilevile. Nilikaa na mizigo kando ya barabara, Apolline akapanda Songo kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Alirudi jua likiwa juu ya milima.

"Nimepata," alisema. "Ni kwa Mama Bella."

Niliinama nikaanza kukaza kamba za mizigo. "Hapana. Tutafute kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Popote. Si kwake."

Alinitazama. "Baba Espoir, ni kwa sababu ya ile nguruwe? Yeye hakuitaja. Alimugusa Chance kwenye shingo, akasema, leta mutoto haraka. Weye unataka tulale barabarani kwa sababu ya nguruwe?"

Tulienda. Kankindi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekonda, na nywele zimeanza kuwa nyeupe. "Karibuni," alisema. "Karibu, dokta." Alitupa chumba alichokuwa akiwekea unga, akauhamishia unga chini ya kitanda chake. Bella alimpeleka Chance kwa muuguzi jirani. Usiku huo tulikula bugali, ugali wa kwetu, na ndakala, wale dagaa wa ziwa, na kipande kikubwa cha bugali kiliwekwa mbele yangu kwa kuwa ndimi mwanaume wa nyumba. Niliumwa na kila tonge.

Tulikaa kwake. Chance alipona. Kankindi alikuwa akiuza mawese kwa vikombe, na hakuwahi, hata siku moja, kusema neno lolote la Sange. Laiti angenitukana. Aliniamkia asubuhi, aliniuliza kama nimelala vizuri, na kila aliposema "dokta" nilihisi kama mtu aliyevaa nguo ya kuiba akisifiwa kwamba imemkaa vizuri.

Nyuma ya nyumba alikuwa na banda dogo la mabati makuukuu, na ndani yake jike mmoja mweupe. Nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza na sikulisogelea. Baada ya wiki tatu aliniita.

"Dokta, njoo umutazame huyu. Anajikuna hadi damu."

Ulikuwa upele. Nilimwomba mafuta machafu ya gari, Bella akayaleta kutoka kwa fundi wa barabarani, nami nikaingia bandani. Nilimkuna yule jike nyuma ya sikio hadi akalegea, akajilaza ubavu, na nikaanza kumpaka. Kankindi aliinama juu ya bati akitazama. Tumbo la jike lilikuwa wazi mbele yetu sote wawili, chuchu zimejipanga mistari miwili. Nililiweka kopo la mafuta chini.

"Mama Bella," nilisema, nikiwa bado nimepiga magoti kwenye mavi, "zilikuwa kumi na mbili."

Aliegemeza viwiko vyake juu ya bati.

"Siku ile. Nilihesabu. Zilikuwa kumi na mbili nikasema sita. Na usiku uliotangulia nilikuwa nimekula paja lake. Nisamehe."

Niliinua macho. Uso wake haukuwa na huruma, wala chuki.

"Unaniambia kitu gani kipya?" aliuliza. "Minye nilizihesabu zile chuchu kila siku, miaka miwili. Unafikiri siku ile nilikuwa sijui?"

"Ndiyo maana naomba unisamehe."

"Weye hukunidanganya minye, dokta. Muntu hawezi kudanganywa na kitu anachokijua. Ulibadanganya bale wengine. Sasa mbona unakuja kunieleza minye, huku nyuma, kwenye banda, mahali hakuna muntu anasikia?" Alivuta pumzi. "Maliza kumupaka. Na ubavu ule mwingine."

Nilimaliza. Nikampaka na ubavu ule mwingine.

Watu wa Sange waliokuwa Songo walikuwa na shirika lao la sala, wakisali kila Jumapili alasiri katika kiwanja cha fundi seremala mmoja. Tulifika pale kama watu arobaini. Pontien alikuwepo, mguu umefungwa kitambaa, amekalia ubao. Vita vya safari hii havikumpa rafiki hata mmoja mwenye bunduki. Nilikuwa nimeazimia kusema Jumapili ya kwanza, sikuweza. Ya pili nilisimama, nikaomba sala kwa wagonjwa, nikakaa. Ya tatu Kankindi alikuja, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akakaa nyuma kabisa karibu na mbao zilizosimamishwa ukutani.

Nilisimama. Nilisema yote: mafuta meupe, mkia niliousogeza kwa kiatu, kidole gumba changu, ngozi niliyoikunja. Nilisema lile neno "sita" tena. Nilisema, "Huyu mama hakusema uongo. Mwongo ni mimi."

Nilikuwa nimetegemea kimya. Nadhani nilikuwa hata nimetegemea machozi. Badala yake mtu mmoja alicheka kwa pua. Mama mwingine akasema, "Tulikula sote, dokta. Unatutia haya bure." Na Pontien akatikisa kichwa.

"Vita iko inatumaliza," alisema. "Batu banakufa kila siku, na weye unatuletea mambo ya nguruwe? Kaa chini."

Nilikaribia kukaa. Ndipo Pudentienne, mke wake, aliposema, bila kusimama, akitazama mikono yake:

"Mbwa habakukula masikio. Nilikata minye na kisu. Ilikuwa na alama ya mradi."

Hakuna aliyecheka tena. Pontien alimgeukia mkewe. Nami nilijua kitu ambacho sikuwahi kukifikiri: kwamba alama ile niliitia mimi kwa koleo langu, na mama mmoja alikuwa ameibeba moyoni zaidi ya mwaka kama nilivyobeba yangu, nami sikuwahi kujiuliza ni nani mwingine anayelala vibaya.

Nilitazama nyuma. Kankindi alikuwa amekwisha kuondoka.

Nilipofika nyumbani nilimkuta anapima mawese kwenye vikombe. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi. Alimaliza kikombe, akafuta ukingo wake kwa kidole.

"Balikuwa wangapi?" aliuliza.

"Kama arobaini."

"Siku ile uwanjani balikuwa wengi kuliko hapo."

"Ndiyo, mama."

"Basi," alisema, na akachukua kikombe kingine.

Barabara ilipotulia kidogo, mwaka uliofuata, nilirudi Sange kabla ya familia yangu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwatafuta waliokuwa uwanjani siku ile. Si kila nyumba ilikuwa na mtu. Baadhi ya waliocheka walikuwa wamekufa wakiamini uongo wangu, na hao sina la kuwafanyia. Kwa waliobaki nilisema maneno yale yale, nikiwa mlangoni, mara nyingine huku mtu anaendelea kupura maharage yake bila kuinua kichwa. Wengine walinihurumia, jambo lililokuwa gumu kuliko kicheko. Muuza nyanya alilia, akaniuliza Mama Bella anaishi wapi hasa, na nasikia alimtafuta siku ya soko. Pontien hakurudi Sange. Walihamia upande wa ziwa, na sikumwona tena.

Shamba la kando ya mfereji nilimrudishia Bella, maana mama yake alibaki Songo. Nilimwonyesha mipaka, nikamfungulia maji, nikataka kumsaidia kupanda. Alikataa kwa adabu. "Nitapanda na wenzangu, baba," alisema. Mavuno yaliyotangulia, yale niliyokula, hakuyataja, na mimi sikupata njia ya kuyarudisha yote. Nilipeleka gunia, nikapeleka jingine. Mama yake aliyapokea kama anavyopokea mgeni yeyote.

Kankindi alifariki wakati wa Kwaresima, mwaka wa elfu mbili na tatu, kwa ugonjwa wa ini. Nilimtembelea siku chache kabla. Tulizungumza juu ya mchumba wa Bella, aliyeitwa Niyonzima, na juu ya upepo wa ziwa uliokuwa ukimsumbua kifuani. Nilingoja aseme neno moja, lolote, juu ya lile jambo. Aliniomba tu nifunge dirisha. Nikafunga.

Siku ya mazishi nilikusudia kutembea nyuma kabisa, na akina mama. Lakini Niyonzima alikuwa mrefu, walitafuta mtu wa urefu wake wa kubeba naye mbele ili jeneza lisilale upande, wakanitazama mimi. Nilisema hapana. Walidhani ni huzuni, wakanishika mkono, wakanipanga mbele. Tulipita barabara yote ya Songo hivyo, mimi nikiongoza, na watu waliosimama pembeni walikuwa wakivua kofia, na mmoja niliyemsikia alimwambia mwenzake kwamba bila shaka yule mtu mzima aliye mbele ni ndugu wa marehemu.